Waliulizwa, Wakajibu: Isiolo, Jenerali wa Kanada na Neno 'Shifta'

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga wetu. Hawakutuachia methali ya mtu anayeuliza, akajibiwa kwa kauli iliyo wazi, kisha akalikunja jibu lile na kulitia kapuni. Kwa maoni yangu, kosa la mtu huyo ni kubwa kuliko la yule asiyeuliza kabisa. Asiyeulizwa hunung'unika na mwishowe hunyamaza. Aliyeulizwa hasahau, na watoto wake hawasahau.

Wazee wa Isiolo waliulizwa. Mwishoni mwa mwaka 1962, Kenya ikiwa imebakisha mwaka mmoja tu kujitawala, serikali ya Uingereza iliunda tume ya watu wawili kuchunguza maoni ya wakazi wa eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambalo hadi leo watu hulitaja kwa herufi tatu, NFD. Lilikuwa na wilaya sita: Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir, Mandera na Garissa. Swali lilikuwa moja. Je, wakazi walitaka kubaki katika Kenya iliyokuwa ikielekea Uhuru, au walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia iliyozaliwa tarehe 1 Julai 1960?

Mmoja wa makamishna hao alikuwa wakili wa Nigeria, G.C.M. Onyiuke. Wa pili alikuwa Meja Jenerali M.P. Bogert, mwanajeshi wa Kanada. Kila ninapolitaja jina hili la pili mbele ya wanafunzi, mkono huinuliwa: Mkanada alikuwa na shughuli gani katika mabaraza ya kaskazini mwa Kenya? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linaturudisha katika Vita Vikuu vya Pili.

Kanada iliitangazia Ujerumani vita tarehe 10 Septemba 1939, juma moja baada ya Uingereza. Bogert aliongoza kikosi cha Kanada kilichotua kisiwani Sicily Julai 1943, kisha akaongoza safu ndogo ya wapiganaji iliyouteka mji wa Potenza, kusini mwa Italia, Septemba mwaka huo huo. Safu hiyo iliitwa 'Boforce', kwa kufupisha jina lake. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa brigedi ya Kanada iliyokuwa ikipigana Korea. Kwa ufupi, alikuwa afisa wa Jumuiya ya Madola mwenye rekodi safi, asiye Mwingereza wala Mwafrika Mashariki. Uingereza ilihitaji mtu wa namna hiyo ili jibu lolote litakalopatikana lisionekane kuwa limepikwa London.

Lakini Isiolo nayo ilikuwa imeijua vita hiyo kabla ya Bogert kutia mguu Sicily. Waitalia waliitawala Ethiopia na sehemu kubwa ya Somalia, na Julai 1940 waliiteka Moyale. Barabara ya kwenda kaskazini kupitia Isiolo ikawa njia ya majeshi: Waafrika Kusini, askari wa King's African Rifles, na shehena za mafuta, maji na risasi. Wanajeshi wa Nigeria walikuwa miongoni mwa walioingia Mogadishu Februari 1941. Wala Isiolo haikuwa ngeni kwa mambo ya kijeshi. Baadhi ya Wasomali waliouanzisha mji huo walikuwa askari walioitumikia Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa pahali pa kukaa hapo.

Ushindi dhidi ya Italia ulizaa jambo ambalo watawala hawakulikusudia. Kwa miaka kadhaa, karibu nchi zote walimoishi Wasomali ziliangukia chini ya bendera moja ya Uingereza. Mwaka 1946 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Ernest Bevin, alipendekeza ziunganishwe. Pendekezo halikufaulu, lakini wazo lilikwisha kupandwa. Somalia ilipopata uhuru, wengi waliokuwa NFD walilichukua wazo hilo kama ahadi iliyocheleweshwa.

Nasi tusijidanganye kwamba watu hawa walikuwa na sababu nyingi za kujiona Wakenya. Tangu sheria ya mwaka 1902, na hasa ile ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu, NFD ilikuwa eneo lililofungwa. Kuingia kulihitaji kibali, na kutoka vilevile. Shule zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Isiolo ilikuwa lango, na lango lile lilikuwa na kizuizi. Ndiyo maana hata baada ya Uhuru, mzee wa kaskazini aliyekuwa akipanda gari kwenda Nairobi alisema bila kutania kwamba anakwenda Kenya. Msomaji anaweza kucheka. Mimi kama mwanaisimu husikiliza kiambishi na kitenzi: mtu hasemi 'nakwenda' mahali ambapo tayari yupo.

Katika mabaraza yale, Onyiuke na Bogert walikuta maoni yaliyogawanyika, ingawa si kwa namna ambayo vitabu vingi hutuambia. Upande wa mashariki, kwa Wasomali na waliojihesabu pamoja nao, karibu sauti zote zilitaka kujitenga. Marsabit na Moyale wengi wasiokuwa Waislamu walitaka kubaki Kenya. Isiolo ilikuwa katikati ya mikondo hiyo miwili. Tena tukumbuke kwamba chama kilichokuwa mstari wa mbele kudai kujitenga, Northern Province People's Progressive Party, kiliongozwa na Mborana, Wako Happi, na miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Mrendille, Alex Kholkholle. Kwa hiyo dai lile halikuwa la kabila moja. Lilikuwa pia dai la watu waliochoka kuishi nyuma ya kizuizi.

Ripoti ya tume ilitoka Desemba 1962, ikieleza bayana kwamba walio wengi katika NFD walitaka kujitenga. Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, akatangaza uamuzi wa serikali yake: Garissa, Wajir na Mandera zingekuwa jimbo la saba la Kenya, Jimbo la Kaskazini Mashariki. Isiolo, Marsabit na Moyale zikatiwa katika Jimbo la Mashariki. Mwezi huo huo Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Swali lilikuwa limeulizwa, jibu limeandikwa na kupigwa chapa, na kabati likafungwa.

Naomba nieleweke. Siandiki haya kutetea kujitenga. Mipaka ya Afrika ikianza kuchorwa upya, damu itakayomwagika haitapimika, na Somalia yenyewe imetufundisha tangu mwaka 1991 kwamba undugu wa lugha na dini hautoshi kuijenga dola. Ninachosema ni kwamba serikali inayouliza hujifunga wajibu. Inaweza kulikataa jibu, lakini haina budi kukaa na waliolitoa, kuwaeleza sababu, na kuwapa kitu cha kuwafanya waone kwamba kubaki kwao kuna faida. Hayo hayakufanyika.

Kilichofuata kilikuwa msiba wa pande zote. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido walipokuwa ziarani wakiwashawishi watu wakubali kubaki Kenya. Leo maelfu ya watu hukanyaga Barabara ya Wabera katikati ya Nairobi bila kujua imeitwa kwa jina la nani. Tarehe 25 Desemba 1963, siku 13 tu baada ya bendera yetu kupandishwa, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vilidumu hadi Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipotia saini mkataba wa amani mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi.

Vita hivyo tumevipa jina, na hapa naomba kuingia katika taaluma yangu. Tunaviita vita vya shifta. Neno 'shifta' limetoka Ethiopia, katika Kiamhari. Huko lilikuwa na sura mbili: mnyang'anyi wa njiani, na pia mtu aliyekataa kumtii bwana wake akaenda porini. Kassa, aliyetawazwa mwaka 1855 kuwa Mfalme Tewodros wa Pili, aliwahi kuwa shifta. Kumbe kwao shifta angeweza kuishia kwenye kiti cha enzi! Maafisa wa kikoloni walilichukua neno hilo likiwa na sura ya kwanza tu, wakalitumia kwa wavamizi wa mpakani, na baada ya Uhuru magazeti na redio zetu zikalipokea hivyo hivyo.

Kiswahili nacho kikamalizia kazi. Angalia wingi wake: shifta, mashifta. Lilipangwa mstari mmoja na majambazi, majangili, maharamia na majasusi. Halikupangwa pamoja na wapiganaji, waasi wala wapinzani. Hakuna kamati ya lugha iliyokaa ikaamua hivyo; masikio ya wazungumzaji yaliamua yenyewe. Lakini matokeo yake ni makubwa. Pindi dai la kisiasa linapoitwa ujambazi, hakuna tena haja ya kulijibu. Jambazi hajadiliwi. Jambazi huwindwa. Na anayefanana naye kwa sura, lugha au mavazi huanza kuwindwa naye, hata kama hajawahi kushika bunduki.

Waborana wa Waso, yaani wa nyika zile zinazopitiwa na mto Ewaso Nyiro, hawatumii jina letu. Wao huita kipindi kile gaafa dhaabaa, maana yake wakati wa kusimama, wakati kila kitu kilipozuiwa kisiende. Ukitaka kujua ukweli wa neno hilo, mkumbuke mfugaji ni nani. Mfugaji ni mtu wa kwenda. Hufuata mvua, majani na visima. Kuanzia mwaka 1966 serikali iliwakusanya watu katika kambi zilizoitwa vijiji, Garba Tulla, Merti na Modogashe, chini ya ulinzi wa askari. Mifugo iliyokutwa nje ya mipaka ilitwaliwa au kupigwa risasi. Ngamia, kwa kuwa wapiganaji waliwatumia kubebea mizigo, waliuawa kwa wingi, na Wasakuye, ambao ngamia ndiye uti wa mgongo wao, waliporomoka wasiinuke tena. Ng'ombe waliofungiwa pahali pamoja walimaliza majani, kisha wakamalizwa na njaa na maradhi. Mtu aliyeingia kambini akiwa na zizi alitoka akiwa na fimbo tu. Familia nyingi zilizokuja kujibanza katika vitongoji vya mji wa Isiolo, zikichoma makaa na kufanya vibarua, zilianzia hapo.

Baya zaidi ni kwamba mbinu hiyo hatukuibuni sisi. Mwaka 1954 wakoloni waliwarundika Wakikuyu katika vijiji vya lazima ili kuwakata Mau Mau na chakula, nao Mau Mau wakiitwa magaidi. Miaka 12 baadaye, waliokombolewa na mapambano yale walifanya vilevile kwa raia wenzao. Nguo ilikuwa ile ile, aliyeivaa tu ndiye aliyebadilika.

Vita vilipokwisha, umaskini ulitiwa muhuri. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulikwisha kuamua kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, ambako zingezaa haraka. Lami ikakomea Isiolo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga iliyozuia mashtaka dhidi ya maafisa wa serikali kwa mambo waliyoyatenda Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Aliyeporwa ng'ombe wake akawa hana pa kushtaki.

Sasa turudi kwa Jenerali Bogert, kwa maana nchi yake ina fundisho ambalo sijaliona likitajwa madarasani mwetu. Jambo la ajabu ni kwamba makamishna wote wawili waliotumwa kupima suala la kujitenga walitoka katika nchi zenye donda hilo hilo. Onyiuke alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Nigeria mwaka 1966. Mwaka uliofuata nchi yake ikatumbukia katika vita vya Biafra. Bogert alitoka katika nchi yenye jimbo la Quebec, ambalo watu wake wengi huzungumza Kifaransa.

Kanada si nchi ya malaika. Mwaka 1942 ilipiga kura ya maoni ikiwauliza raia kama serikali ivunje ahadi yake ya kutowalazimisha vijana kwenda vitani ng'ambo. Nchi kwa jumla ilisema ndiyo. Quebec, kwa kura zaidi ya 7 katika kila 10, ilisema hapana. Waziri Mkuu Mackenzie King alilisikia jibu hilo kiasi cha kusitasita hadi mwishoni mwa mwaka 1944. Oktoba 1970, wanamgambo wa Quebec walipowateka nyara watu na kumuua waziri mmoja wa jimbo, serikali ilitumia sheria ya vita kuwakamata mamia ya watu bila mashtaka. Hata hivyo, waliotaka kujitenga kwa kura hawakugeuzwa kuwa majambazi kwa kutaka tu. Watu wa Quebec waliulizwa mwaka 1980, wakakataa kujitenga. Wakaulizwa tena tarehe 30 Oktoba 1995, na waliotaka kubaki wakashinda kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada ikatoa maoni ambayo kila mwalimu wa historia angepaswa kuyasoma: jimbo halina haki ya kujitenga lenyewe tu, lakini watu wakiulizwa swali lililo wazi na kutoa jibu lililo wazi, pande zote zina wajibu wa kuketi na kuzungumza. Wajibu huo ndio ulioachwa njiani kati ya Isiolo na London mwaka 1963.

Fundisho la pili linahusu kambi. Mwaka 1942, baada ya Japani kuingia vitani, Kanada iliwaondoa watu wapatao 22,000 wa asili ya Kijapani katika pwani yake ya magharibi. Wengi wao walikuwa raia. Waliwekwa kambini, nyumba zao, mashua zao na mashamba yao yakauzwa, wala hawakuruhusiwa kurudi pwani hadi Aprili 1949. Huko nako serikali ilichagua maneno ya upole: iliita jambo lile uhamisho, kama vile watu wameondolewa kwenye mafuriko. Lakini tarehe 22 Septemba 1988, Waziri Mkuu Brian Mulroney alisimama Bungeni, akaomba radhi, na kila aliyenusurika akatengewa dola 21,000. Ilichukua miaka 39 tangu ruhusa ya kurudi pwani, na wengi walikwisha kufa. Hata hivyo neno lilifuatwa na hundi.

Kwetu, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya hadhara Garissa mwezi Aprili 2011, na ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 2013. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa maovu ya serikali zilizotangulia, na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Nilishangilia siku hiyo, na sijutii. Lakini miaka ilipita, na wazee waliotoa ushahidi wakaendelea kuzikwa kabla ya kuuona utaratibu wa malipo. Kuomba radhi bila kulipa ni kumwambia mgonjwa pole huku umeikalia dawa.

Huenda mtu akauliza, mwalimu wa lugha ana nini cha kulipa? Sina hazina, ila nina maneno, nanyi walimu wenzangu mnayo. Mau Mau nao waliitwa magaidi mpaka wengi wakaamini. Mwaka 2003 marufuku dhidi yao iliondolewa, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 karibu pauni milioni 20. Malipo hayo yalitanguliwa na mabadiliko ya jina: gaidi alianza kuitwa mpigania uhuru. Sisemi kila aliyeitwa shifta abatizwe shujaa. Waliomuua Wabera na Galma Dido waliwaua watumishi wa watu. Ninasema mwanafunzi afundishwe kumtenga aliyebeba bunduki na aliyebeba maoni, na kumtenga kabisa mama aliyefungiwa Garba Tulla akimtazama ng'ombe wake akifa.

Zipo kazi ambazo shule yoyote ya Isiolo, au hata ya Kisumu na Voi, inaweza kuzianza muhula huu bila kungoja waraka wa wizara. Mwalimu wa historia aiweke ripoti ya mwaka 1962 kando ya tangazo la Machi 1963, wanafunzi wajadili kilichopotea katikati. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi kwa nini shifta ana wingi wa jambazi. Na wanafunzi wa Isiolo waende nyumbani likizoni na daftari, wawaulize babu na bibi zao kuhusu gaafa dhaabaa: walikuwa na mifugo mingapi, waliingia kambi gani, walitoka na nini. Waandike kwa lugha wanayosimuliwa, Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kimeru, kisha watafsiri.

Mwanafunzi wangu mmoja aliyetoka huko aliniambia kwamba alikua akiamini ukoo wao ulikuwa maskini tangu kuumbwa kwa dunia. Alikuwa na umri wa miaka 21 alipomwuliza babu yake kwa mara ya kwanza, akasimuliwa juu ya zizi lililokuwapo kabla ya kambi. Babu alimjibu kwa utulivu, kisha naye akauliza: kwa nini umechelewa hivyo kuniuliza?

Wazee hao hawatangoja sana. Waliulizwa mara moja, mwaka 1962, na jibu lao likafungiwa kabatini. Safari hii watakaouliza ni wajukuu wao wenyewe, na tuhakikishe wanasikiliza mpaka mwisho.